Picha za Macho Mawili katika Bonde la Ufa

Mwaka 1838 mwanasayansi wa Kiingereza, Charles Wheatstone, alieleza kwamba kila jicho hukiona kitu kwa upande wake, na akili ndiyo iunganishayo taswira hizo mbili zikawa kitu kimoja chenye kina. Chombo chake alikiita stereoskopu. Yapata 1861 Oliver Wendell Holmes wa Marekani alibuni kingine chepesi, cha kushikwa mkononi, na kadi zenye picha mbili mbili zikaenea majumbani. Kampuni ya Underwood & Underwood, iliyoanzishwa Kansas mwaka 1881, ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa.

Reli iliyopita Nakuru mwaka 1900 ndiyo iliyolifungulia bonde hilo njia ya kuingia katika biashara hiyo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka katika urais wa Marekani, alikuja kuwinda kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Mwezi Julai aliwinda viboko Naivasha, na kabla ya mwaka kwisha alifika Njoro. Kadi za safari hiyo zikauzwa Marekani.

Yafaa ikumbukwe kuwa macho ya mwanadamu yametengana kiasi cha sentimita sita na nusu tu, na lenzi mbili za kamera hizo zilikaribia kipimo hicho. Kwa hiyo ukingo wa Mau, ukitazamwa kutoka mbali, hutokea bapa kama ukuta. Ili bonde lionekane kuwa bonde, lazima pawepo kitu cha karibu: mti, jiwe, au mtu. Mpagazi aliyesimama mbele ya kamera alikuwa, kwa ufundi huu, kipimo cha kina. Maelezo ya kadi yaliandikwa kwa Kiingereza. Roosevelt alitajwa kwa jina, wengine kwa kabila au kazi yao. (Kwa haki, kitabu chake cha 1910 kinawataja kwa majina baadhi ya wabeba bunduki wake.)

Wapagazi hao walisemeshwa kwa Kiswahili, ila chombo chenyewe hakikupata jina katika lugha hiyo lililoenea kama lilivyoenea neno sinema. Lilikuwapo neno darubini, lenye asili ya Kiajemi na maana ya kuona mbali. Hata hivyo, kulitwaa kwa ajili ya stereoskopu kungepotosha, kwani nguvu ya chombo hiki i katika vitu vya karibu.