KUFULI KUUKUU NA UFUNGUO MPYA: HISTORIA FUPI YA DISKI ZA SIRI

Wahenga walisema, "Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua." Sisi walimu wa lugha huifundisha methali hii darasani, nayo historia ya kompyuta imeithibitisha. Mwaka 1977 Marekani ilipitisha DES kuwa mfumo rasmi wa kufumba taarifa. Mwaka 1998 mashine ya shirika la Electronic Frontier Foundation ililigangua fumbo hilo kwa saa 56. Mwaka 2001 ukapitishwa mfumo wa AES, uliobuniwa na Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen.

Watumiaji wa kawaida waliijua kazi hii kupitia programu ya TrueCrypt, iliyotolewa mwaka 2004. Ilikuwa ya bure, na iliweza kufumba diski nzima au kuunda faili moja lililofanya kazi kama sanduku lenye kufuli. Sanduku la namna hiyo linamfaa mtafiti wa fasihi simulizi aliyerekodi masimulizi ya wazee kwa ahadi ya kutowataja majina.

Tarehe 28 Mei 2014 waundaji wa TrueCrypt walitangaza ghafla kwamba wameacha kuitunza, wakaonya kuwa si salama. Ukaguzi uliokamilika mwaka 2015 haukukuta mlango wa siri uliowekwa makusudi. Hata hivyo, nyumba isiyo na fundi haizibwi nyufa.

Mrithi wake ni VeraCrypt, iliyoanzishwa na Mounir Idrassi mwaka 2013 juu ya msingi wa TrueCrypt. TrueCrypt ilililisaga neno la siri mara 1,000 au 2,000 kupata ufunguo. VeraCrypt huweza kulisaga mara 500,000. Mwenye mali husubiri kidogo tu, lakini mwizi anayebahatisha maneno huchoka.

Kwa miaka kadhaa VeraCrypt ilifungua pia masanduku ya TrueCrypt. Toleo la 1.25.9 la mwaka 2022 ndilo la mwisho lenye uwezo huo; yaliyotoka tangu mwaka 2023 hayanao. Hapo ndipo penye hatari. Mtu huandika neno sahihi katika toleo jipya, akakataliwa, akadhani amelisahau, kisha akaifuta diski yenye kazi ya miaka mingi.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Kwanza, nakili diski ya zamani kama ilivyo. Pili, ifungue kwa toleo la 1.25.9. Tatu, unda sanduku jipya la VeraCrypt katika diski nyingine, uhamishie mafaili humo. Nne, lifunge, lifungue tena, usome maandishi na usikilize kanda. Ukisharidhika ndipo ufute ya zamani, pamoja na ile nakala yake.

Kufuli likizeeka si aibu. Aibu ni kungoja mpaka ufunguo wake usipatikane, na sauti za waliotuamini zikabaki ndani.