Kusoma na Kufahamu: Historia ya Mafunzo ya Ufahamu kwa Watu Wazima, kutoka NFD hadi Masalani

1.0 Utangulizi

Neno kusoma katika Kiswahili limebeba dhana mbili kwa pamoja. Mtu husoma barua, na mtu husoma chuo kikuu. Kitendo cha kuyatambua maandishi na kitendo cha kutafuta elimu vimepewa jina moja, kana kwamba cha kwanza kikishatimia cha pili hufuata chenyewe. Makala haya yanadai kwamba historia ya elimu ya watu wazima katika Kaskazini Mashariki ya Kenya haiungi mkono imani hiyo.

Tunauchukua mji wa Masalani, ulioko Ijara katika kaunti ya Garissa, karibu na Mto Tana, kuwa kituo cha mjadala. Eneo hilo linawakutanisha Wasomali wafugaji, Wapokomo wakulima wa kandokando ya mto, na Waaweer wa upande wa msitu wa Boni. Kiswahili hapo ni lugha ya shule, ofisi na soko, lakini si lugha ya mama kwa walio wengi. Swali letu ni hili: mtu mzima wa mahali kama hapo, anayetaka kusoma ili aendelee na masomo, amefundishwa nini na ameachiwa nini ajitafutie mwenyewe?

2.0 Karatasi katika Eneo Lililofungwa

Hatuwezi kuyazungumzia mafunzo ya kusoma bila kwanza kuuliza maandishi yaliingia vipi katika maisha ya watu. Sheria za kikoloni za mwaka 1926 na 1934 ziliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, yaani NFD, kuwa eneo lililofungwa, ambapo kuingia na kutoka kulihitaji idhini ya serikali. Shule za serikali zilichelewa sana kufika huko kuliko katika nyanda za juu au pwani. Baada ya uhuru vilifuata vita vya miaka ya 1963 hadi 1967 vilivyokuja kuitwa vita vya Shifta, pamoja na hali ya hatari ambayo haikuondolewa hadi mwaka 1991. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walitakiwa kupitia uhakiki maalumu wa uraia na kupewa kadi za ziada.

Ni rai yetu kwamba historia hii ina uzito katika darasa la ufahamu. Kwa vizazi kadhaa maandishi yalimjia mkazi wa eneo hili kama kibali, kitambulisho au hati ya mashtaka. Karatasi ya namna hiyo huonyeshwa askari, haihojiwi. Na msingi wa ufahamu ni kuyahoji maandishi: yamesema nini, yameficha nini, na yanamtaka msomaji akubali nini. Mwanafunzi mtu mzima anaposita kuuliza swali juu ya kifungu, aghalabu mwalimu husema kwamba hana msamiati. Huenda msamiati anao, ila hajapata kuoneshwa kwamba ruhusa ya kuuliza anayo pia.

3.0 Kampeni za Kisomo na Kipimo Chake

Kenya ilipitisha Sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1966. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzisha kitengo cha masomo kwa njia ya posta kikisaidiwa na vipindi vya redio, hasa kwa ajili ya walimu wa msingi ambao hawakuwa wamehitimu vya kutosha. Desemba 1978 Rais Daniel arap Moi aliagiza ujinga wa kutojua kusoma ufutwe katika miaka mitano, na mwaka 1979 ikaundwa Idara ya Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yake ndiyo yaliyozoeleka kwa jina la ngumbaru.

Tanzania ilikuwa imetangulia. Mradi wa majaribio wa Mwanza, uliosaidiwa na UNESCO kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, uliifunga kusoma na kazi: pamba, uvuvi, ufugaji. Takwimu rasmi zilionyesha kwamba idadi ya watu wazima wasiojua kusoma ilishuka kutoka asilimia 67 hivi mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba mtihani wa kitaifa wa mwaka 1975 uliwapanga wanakisomo katika hatua nne, na aliyeweza tu kutambua maneno na sentensi fupi hakuhesabiwa kuwa amehitimu. Yaani kipimo chenyewe kilikiri kwamba kusoma kuna ngazi.

Kenya ililiona jambo hilo kwa uwazi baadaye. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2006 kuhusu kisomo cha watu wazima ulipata kwamba asilimia 61.5 walikuwa na kiwango cha chini kabisa cha kujua kusoma, ilhali asilimia 29.6 tu ndio waliofikia kiwango cha umilisi kilichotarajiwa. Katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki hata wale wa kiwango cha chini hawakufika asilimia 10. Wasomaji wengi wa ripoti hiyo wameitazama tarakimu ya kwanza na ya mwisho. Sisi tunaitazama ile ya kati. Zaidi ya nusu ya waliohesabiwa kuwa wanajua kusoma hawakuwa wamefika mahali pa kuweza kusomea kitu kingine. Pengo hilo ndilo linalotuhusu.

4.0 Urithi wa Aina Mbili

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba mwanafunzi wa Masalani huja darasani mikono mitupu. Huja na urithi wa aina mbili.

Wa kwanza ni wa duksi. Huko mtoto hujifunza herufi za Kiarabu kwenye ubao wa mti, kwa utaratibu wa majina ya irabu ya Kisomali ambao mapokeo yanaunasibisha na Sheikh Yusuf al-Kawneyn. Huhitimu akiwa na uwezo wa kutamka na kuhifadhi maandishi kwa uaminifu ambao shule zetu hazijaukaribia. Maana huja baadaye, kwa mwenye nafasi ya kuendelea, katika darsa ya tafsiri chini ya sheikh. Utaratibu huu si upungufu. Umezitenga hatua mbili kwa makusudi, na kila hatua ina mwalimu wake. Tatizo huzuka mwanafunzi huyo anapoingia shule ya serikali akiwa na mazoea ya hatua ya kwanza, naye asimpate mwalimu wa hatua ya pili.

Urithi wa pili ni wa ushairi simulizi. Wasikilizaji wa mashairi ya Kisomali wamezoea kutafuta maana iliyo nyuma ya maneno. Na katika hal-xiraale, mafumbo ya kishairi, kulifumbua fumbo ndio mchezo wenyewe. Tenzi za Sayyid Muhammad Abdille Hassan, aliyefariki mwaka 1920, zilidumu vinywani mwa wahifadhi miaka mingi kabla ya kuchapishwa. Aliyelelewa katika mazingira hayo anajua kwamba ngamia katika shairi huenda si ngamia. Ufahamu wa kina anao, ila umekaa masikioni. Haujahamia kwenye ukurasa.

Kwa hiyo mwanafunzi mmoja hubeba uaminifu kwa neno bila ruhusa ya kulifasiri, na pia ustadi wa kufasiri usiozoea neno lililoandikwa. Kazi ya mwalimu wa ufahamu ni kuviozesha viwili hivi.

5.0 Ufundishaji wa Ufahamu

Tuchukue kifungu kifupi tulichokitunga kwa ajili ya mjadala huu: "Mvua za vuli zilichelewa. Kufikia Desemba bei ya ng'ombe katika soko la Garissa ilikuwa imeshuka kwa nusu, na bei ya unga imepanda."

Swali la kwanza, "Bei ya ng'ombe ilishuka wapi?", hujibiwa hata na asiyeelewa, kwa kunakili. Swali la pili, "Kwa nini ilishuka?", mfugaji atalijibu vizuri kuliko mwalimu wake: ng'ombe wamekonda, malisho yamekwisha, kila mtu anauza wakati mmoja ili anunue unga. Jibu ni sahihi, lakini kifungu hakikulisema. Kimeziweka habari tatu bega kwa bega na kumwachia msomaji aziunge. Ndiyo maana swali la tatu ni la lazima: "Katika jibu lako, lipi limeandikwa, lipi linadokezwa, na lipi umelitoa kichwani mwako?"

Katika swali hili la tatu ndipo mtu mzima hutofautiana na mtoto. Mtoto hukwama kwa kukosa tajriba. Mtu mzima hukwama kwa kuwa nayo tele: huyajibu maswali kutokana na maisha yake, naye husahihishwa kwa alama ya kosa bila kuelezwa kwamba alichokisema ni kweli, ila hakimo katika kifungu. Akirudiwa hivyo mara tatu, huamua kwamba shule haitaki akili yake, akarudia kunakili.

Mbinu hazikosekani. Francis Robinson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alipendekeza katika miaka ya 1940 utaratibu wa kupitia matini kwa juu, kuunda maswali, kusoma, kukariri kwa maneno yako na kurejea. Ufupisho, unaotahiniwa pamoja na ufahamu katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE, ni kipimo kizuri cha jambo lilo hilo, kwani hakuna awezaye kufupisha kwa haki asichokielewa. Mpango wa BHER, ulioanza mwaka 2013 huko Dadaab, katika kaunti hii hii, kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Kenya na Kanada, uliwapitisha wanafunzi wake, wengi wao walimu wa kambini, katika hatua ya matayarisho ya stadi za masomo kabla ya diploma na shahada. Kanuni yake ni ya kuigwa: usomaji wa kitaaluma hufundishwa, haudhaniwi.

Hapana budi kanuni hiyo ifuatwe kwa haraka zaidi sasa. Baada ya mauaji ya abiria wa basi huko Mandera mnamo Novemba 2014, na shambulio la tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, ambamo watu 148 waliuawa, walimu wengi wasio wenyeji waliihama Kaskazini Mashariki. Pale mwalimu alipoondoka, mwanafunzi hubaki na kitabu. Kama hakufundishwa kukihoji, kitabu hicho hakina tofauti kubwa na kile kibali cha zamani: hukishika, hukionyesha, wala hakimwambii kitu.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kampeni za kisomo zilihesabu zaidi waliotambua maandishi, kwamba pengo kati ya utambuzi na umilisi lilijulikana, na kwamba mwanafunzi mtu mzima wa Masalani ana rasilimali za kulivuka pengo hilo endapo zitatambuliwa. Idara za fasihi zimezoea kulitazama suala la ufahamu kama kazi ya shule za msingi na walimu wa ngumbaru. Msimamo huo hautetei. Kutofautisha kilichosemwa, kilichodokezwa na alichokileta msomaji ndio uhakiki wenyewe katika umbo lake la awali, nasi tunaufundisha mwaka wa tatu kwa istilahi nzito kana kwamba ni mali ya wachache. Mahali pake ni somo la kwanza la mwanafunzi mtu mzima, na wanaopaswa kuwatayarisha walimu wa somo hilo ni sisi.