Nyongo, Safura na Harara: Asili ya Neno "Choleric"

Mwanafunzi mmoja alipotakiwa kufasiri kifungu cha Kiingereza kilichomweleza mzee fulani kuwa choleric, aliandika kwamba mzee huyo alikuwa na kipindupindu. Darasa likaangua kicheko. Hata hivyo, kosa hilo halikuwa la kijinga kama lilivyodhaniwa, kwani choleric na cholera ni ndugu wa tumbo moja.

Asili ya maneno hayo ni neno la Kiyunani lenye maana ya nyongo. Waganga wa kale, na hasa Galen katika karne ya 2, waliamini kuwa mwili hutawaliwa na majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Aliyezidiwa na nyongo ya manjano, ambayo ilisemekana kuwa ya moto na ukavu, alikuwa mwepesi wa kughadhibika. Kwa njia ya Kilatini na Kifaransa, neno liliingia katika Kiingereza cha karne ya 14. Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alimsawiri msimamizi mmoja wa shamba kuwa mtu wa tabia hiyo, tena mwembamba. Na wembamba huo ulikuwa dalili ya nyongo yenyewe. Katika The Taming of the Shrew ya Shakespeare, mume anamnyima mkewe nyama kwa kisingizio kwamba nyama iliyoungua huzidisha nyongo. Tiba ilipobadilika, jimaji lilisahauliwa, tabia ikabaki.

Waarabu nao waliiita nyongo ya manjano safra. Neno hilo lilifika pwani yetu likawa safura, lakini sisi tulichukua ugonjwa tu, tukaiacha tabia.

Je, mfasiri atumie nyongo? Hapa pana mtego. Katika Kiswahili ni vigumu kuitenga nyongo na kinyongo, na kinyongo ni hasira iliyofichwa, inayokaa moyoni miaka na mikaka. Mtu aliye choleric hafichi kitu: huwaka, hufoka, akatulia. Kiungo ni kimoja, hasira ni mbili zisizofanana. Mwalimu Nyerere, aliyefasiri Julius Caesar mwaka 1963, ilimbidi apambane na neno hili katika ugomvi wa Brutus na Cassius. Anayemtwika Cassius kinyongo pale ambapo mwandishi amempa harara amebadilisha mhusika, wala si neno tu.

Hamaki pia haitoshi, kwani ni tendo la mara moja, ilhali choleric ni maumbile. "Mwenye hasira" huweza kuwa yeyote aliyeudhiwa asubuhi ya leo. Lililobaki ni harara, ambalo kwa Kiarabu ni joto, na ndilo linalohifadhi, pengine bila sisi kujua, itikadi ileile ya nyongo ya moto. Ninalipendekeza kwa watungaji wa kamusi.

Mwanafunzi yule nilimpa nusu alama.