Senge na Neno "Angalia"

Neno lililotusumbua mimi na Senge wiki tatu nzima ni angalia. Lilikuwa kwenye kijitabu cha kurasa 24 kuhusu kuhifadhi mahindi, na lilijirudia mara 31. Nilihesabu. Angalia rangi ya punje. Angalia kama kuna ukungu. Angalia chumvi kwenye chupa. Angalia picha ya 7.

Senge ni dada ya baba. Anakaa upande wa Chwele, Bungoma, na kazi yake ni kutafsiri: Kiingereza kwenda Kiswahili, na ukimlipa vizuri, Kilubukusu pia. Haoni tangu akiwa na miaka minne, alipougua surua. Mimi niko Kitale. Niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya sayansi ya chakula. Karo iliisha, na kusema ukweli hata hamu ya kemia ilikuwa imeisha kabla ya karo. Sai naishi kwa vibarua vya kuandika na kuhariri. Mradi fulani ulimpa Senge kijitabu atafsiri, mimi nikapewa kukihariri. Watu wa mradi hawakujua tunajuana, na hatukuwaambia.

"Mwanangu," aliniambia kwa simu siku ya pili, "huyu mwandishi anadhani sumu ya mahindi inangoja ionekane ndio iue?"

Nilicheka. Halafu nikakumbuka jambo moja kati ya machache niliyotoka nayo chuo: sumu yenyewe haionekani, haina harufu, haina ladha. Sasa mbona kila kijitabu cha mahindi kinaanza na macho? Nikaanza kusoma, nikitaka tu kumjibu Senge. Kumbe hadithi ya macho na mahindi ni ndefu, na katikati yake kuna mji wetu.

Mahindi yaliingia Afrika Mashariki kupitia pwani, zama za Wareno. Hayakuwa meupe. Yalikuwa ya njano, mekundu, ya madoadoa. Huku kwetu magharibi chakula kilikuwa wimbi na mtama. Weupe ulikuja na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Walitoa mbegu nyeupe Afrika Kusini, mojawapo ikiitwa Hickory King, kwa sababu viwanda vya wanga Uingereza vilipenda mahindi meupe na kuyalipia vizuri. Kwa hivyo rangi ilikuwa suala la bei kabla ya kuwa suala la chakula. Reli ikafika Kitale 1926. Vibarua wa mashamba wakawa wanapewa unga kama sehemu ya malipo, ndio ile posho, na posho ilikuwa nyeupe. Mbegu za walowezi zikachanganyikana shambani mpaka zikazaa aina iliyoitwa Kenya Flat White.

Mwaka wa 1955 mtafiti Michael Harrison akaanza kazi ya kuboresha mahindi hapa Kitale. Mwaka uliofuata Kenya Seed ikaanzishwa, hapa hapa. Mnamo 1958 Harrison alienda Amerika ya Kati na Kusini kutafuta mbegu, akarudi na aina za huko, mojawapo ikiitwa Ecuador 573. Akaichanganya na aina ya nyumbani, Kitale Synthetic II. Mwaka wa 1964, Kenya ikiwa changa kabisa, ikatoka hibridi ya H611. Miaka 11 baadaye John Gerhart alichapisha utafiti kuhusu jinsi hibridi zilivyosambaa magharibi mwa Kenya, na spidi aliyoikuta ingewashangaza hata wakulima wa Marekani. Kwetu nyumbani mbegu hazitajwi kwa majina, zinatajwa kwa namba, kama wachezaji wa mpira.

Sina shida na H611. Ilitulisha, ikamlipia baba yangu karo ya shule. Lakini mahindi meupe karibu hayana kabisa vile viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Ya njano yanavyo. Na sisi ya njano tunayadharau. Mwulize mtu yeyote aliyekuwa mkubwa wakati wa ukame wa 1984, serikali ilipoagiza mahindi ya njano kutoka nje, akueleze walivyoyaita. Chakula cha ng'ombe ndilo jina la heshima.

Hapa ndipo niliposita kumpigia Senge. Surua humaliza vitamini A mwilini, na mtoto ambaye akiba yake ilikuwa ndogo tangu mwanzo anaweza kupoteza macho ndani ya siku chache. Senge aliugua 1978. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1980. Tamko la WHO na UNICEF, kwamba watoto wenye surua katika maeneo yenye upungufu wapewe vitamini A, lilitoka 1987. Ukizipanga hizo tarehe kwenye mstari utaona ametangulia zote.

Sisemi ugali ndio uliompofusha. Hakuna aliyempima, na bibi yangu alikuwa na shamba la kunde na mrenda nyuma ya nyumba, mboga zenye hiyo vitamini. Nilimwambia hata hivyo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Na huo unga wa pakiti sai si wanaweka?" Ndio, wanaweka. Tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi wa pakiti uongezwe vitamini A, madini ya chuma na vingine. Lakini Senge hanunui pakiti. Anapeleka gorogoro zake kwa kinu cha kusaga hapo sokoni, kama jirani zake wote, na pale hakuna anayeongeza kitu isipokuwa bei.

Tukarudi kwa sumu.

Mwaka wa 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, ikagundulika walilishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Kuvu hiyo inaitwa Aspergillus flavus, na jina aflatoksini limeungwa kutoka hapo. Kenya ilikutana nayo vibaya 1981 kule Machakos, wagonjwa 20 na vifo 12. Halafu 2004. Mwaka huo, Makueni, Kitui na majirani zao, watu 317 waliugua ini na 125 wakafa. Mvua ilikuwa imeharibu mavuno, watu wakaweka mahindi mabichi ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi na njaa. Sampuli 342 zilipimwa, 182 kati yake zilikuwa juu ya kiwango cha wakati huo, yaani 20 ppb.

Hiyo ppb ni sehemu kwa bilioni. Kiwango chetu cha sasa ni 10, maana yake gunia zima la kilo 90 halifai kuwa na sumu inayofika hata miligramu moja. Ni kama punje chache za chumvi ndani ya gunia. Sasa niambie, utaangalia nini? Na ukishapika ugali, moto wa sufuria hauiondoi.

Nilipokuwa mdogo Kitale, hii ilikuwa habari ya watu wa Ukambani. Sisi tuna mvua, tuna baridi, tuna ghala la taifa. Ni kweli Aspergillus inapenda joto na ukame. Lakini baridi yetu inapendwa na kuvu nyingine, Fusarium, ile inayoozesha gunzi likiwa bado shambani na kuacha rangi ya waridi. Sumu yake, fumonisini, ilitambuliwa Afrika Kusini 1988 tu. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilipopiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hizi mbili, malori yakakwama mpakani, na watu wa Bungoma, ambao Uganda ni ng'ambo ya mto tu, waliongea kana kwamba kuvu huwa na pasipoti. Marufuku yakalegezwa baada ya siku chache, kwa masharti. Mahindi yetu wenyewe, yaliyoanikwa kwenye turubai kando ya lami huku wingu likinguruma, hakuna aliyeyauliza kitu.

Sasa rudi kwa meza ya Senge. Ana laptopu kuukuu yenye NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti. Waliianzisha Australia mwaka wa 2006, Michael Curran na James Teh, wote wasioona, na ni ya bure. Kabla yake programu za namna hii ziliuzwa kwa bei ambayo mtu wa Chwele angeuza ng'ombe na bado asifike. Ndiyo iliyomtoa Senge kwenye kazi chache ambazo kizazi chake cha wasioona kiliambiwa ni zao, kama kufundisha au kupokea simu. Anaisikiliza kwa spidi ambayo mimi nasikia kelele tu.

Shida haikuwa laptopu. Kijitabu kilikuja kikiwa picha, kurasa zimepigwa skani moja moja. NVDA ikifika pale inasema ni picha, basi. Akaandika kuomba faili la maandishi. Siku nne kimya. Siku ya tano akaulizwa kwa nini anachelewa, na kama kazi "inamzidi" wampe mtu mwingine. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze Breli na njia nyingine za mawasiliano kwa watu wenye ulemavu. Ofisi ile haikuwa ya serikali, na sidhani mtu pale alikuwa na nia mbaya. Walisahau tu. Lakini malipo yalikuwa kwa neno, na neno usiloweza kulisikia huwezi kulitoza.

Nikachukua matatu: Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, Chwele. Usiku mmoja nilimsomea kurasa zote, yeye akichapa. Jedwali la viwango vya unyevu lilituchukua saa nzima.

Hapo ndipo vita vya maneno vilipoanza. Kijitabu kilisema "mould". Mimi niliandika ukungu. Senge akakataa. "Hapa Mlima Elgon ukungu unashuka kila asubuhi. Mkulima atadhani anaambiwa asianike kukiwa na ukungu." Tukaweka kuvu. Kwa sumu yenyewe alitaka sumukuvu, neno la Watanzania, ambao wamelizoea hata kwenye shughuli za serikali. Ofisi ikasema wakulima wa Kenya wamezoea "afla". Senge akajibu kwamba afla haimwambii mtu ni sumu, wala haimwambii imetoka wapi, na sumukuvu inamwambia yote mawili kwa pumzi moja. Alishinda hiyo.

Kisha angalia. Haki itendeke: macho yanasaidia. Ukitoa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizoliwa na wadudu, unapunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Senge hakupinga. Alichopinga ni kuambiwa kwamba zinazobaki, kwa vile ni nyeupe na safi, ni salama. Pia alijua kitu ambacho kijitabu hakikujua. Alichota mahindi kwa gunia lake, akayatikisa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. "Haya yamekauka. Sikia." Yalilia kama kokoto. Akachota ya jirani, yaliyovunwa wiki hiyo. Sauti ilikuwa nzito, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni. Akaniambia ning'ate. Kavu inapasuka, mbichi inabonyea.

Jaribio la chumvi nalo akalibadilisha. Unaweka mahindi theluthi moja ya chupa, chumvi kavu vijiko viwili vitatu, unatikisa, unangoja dakika 15. Kijitabu: angalia kama chumvi imeshika ukutani. Senge: tumia chupa ya mdomo mpana, pitisha kidole kikavu ndani. Hapo nami nikaongeza langu, kwa sababu jaribio hilo linakuonyesha tu kama unyevu umepita asilimia 15 hivi, na ghala linataka 13.5. Chumvi isiposhika haina maana umemaliza kuanika. Lilikuwa jambo la kwanza la chuo kunilipa hela.

Tuligombana kuhusu busaa. Kijitabu kilikuwa na mstari mmoja: mahindi yaliyooza yasiliwe. Senge alisema kila mtu huku anajua hayaliwi. Yanapikiwa busaa, au yanapewa kuku na ng'ombe, na ng'ombe anaipitisha sumu kwenye maziwa. Alitaka aya nzima. Mimi niliogopa ofisi itasema tumeandika badala ya kutafsiri. Aliiandika hivyo hivyo, akaiwekea alama ya pendekezo. Ofisi iliikubali, lakini haikulipia hayo maneno.

Katika nakala ya mwisho neno angalia limebaki mara 12. Mengine yamekuwa gusa, ng'ata, sikiliza, pima, ondoa. Picha ya 7 bado ipo, na sasa chini yake kuna sentensi mbili za kuieleza.

Asubuhi nikiondoka Senge alinipa gorogoro mbili za mahindi nimpelekee mama. Nikiwa mlangoni akaniita nirudi, akautikisa mfuko karibu na sikio. "Mwambie mama yako ayaanike siku mbili zaidi," akasema. "Na asiyaanike kwa lami."