Grisi Mpya, Chuma Kizee

Binamu yangu wa Dallas alinitumia picha saa nane usiku. Harley-Davidson Springer Softail nyeusi, imeegeshwa kwenye uwanja wa mtu Kitengela. "Bro, niendee uikague. Ikiwa poa niinunue, elfu thelathini ni zako." Mimi hapa Rongai nilikuwa na deni la kodi ya miezi miwili. Elfu thelathini ingelimaliza.

Alinichagua kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili nikisoma historia, na tangu hapo naishi kwa kuandika vitu kama hivi. Katika ukoo wetu hakuna anayesoma kuhusu pikipiki kunishinda. Kuimiliki ni stori nyingine.

Labda hujawahi kuona springer, kwa hivyo anza na nduthi ya stage. Boxer ina mabomba mawili mbele. Ndani mna springi na mafuta. Ukigonga shimo, bomba moja linazama ndani ya lingine na mafuta yanatuliza ule mruko. Springer huanika kila kitu nje. Ina miguu minne mbele. Miwili ya nyuma imekazwa kwenye usukani, haisogei. Miwili ya mbele hupanda na kushuka, ikisukuma springi zilizo juu karibu na taa. Chini, kila upande, kipande kifupi cha chuma kinaunganisha mguu wa mbele na wa nyuma, na gurudumu limeshikwa hapo. Kipande hicho huchezea kwenye bushi. Ukinunua springer iliyotumika, pesa yako iko kwenye hizo bushi.

Harley walianza kutumia muundo huu kabla ya 1910. Barabara zilikuwa vumbi na mawe, na pikipiki nyingi nyuma hazikuwa na springi yoyote ila ya kiti. Huku kwetu tulizijua pikipiki za zama hizo kupitia vita. Barabara ya Namanga, hiyo hiyo inayopita Kitengela, inaelekea mpaka ambao Waingereza waliuvuka Novemba 1914 kuwashambulia Wajerumani pale Longido, wakashindwa. Mwaka 1916 Jenerali Smuts alirudi na jeshi kubwa zaidi, na ndani yake mlikuwa na kikosi cha pikipiki kutoka Afrika Kusini. Kisha masika yakanyesha. Barabara zikawa tope, na kwenye tope pikipiki ni mzigo wa kusukuma. Springi haikusaidii mahali ambapo gurudumu halizunguki.

Mwaka 1935 BMW wakatoa R12, yenye mabomba ya mafuta mbele. Vita vya pili vikaja na Harley bado wakawa wanawapa wanajeshi WLA, makumi ya maelfu, zote springer. Ilikuwa na faida yake: kila kitu unakiona, na fundi mwenye spana na grisi anaweza kuitengeneza porini. Lakini lazima aitengeneze. Ukisahau grisi, bushi zinalika, gurudumu linaanza kuyumba. Mwaka 1949 Harley wakaleta Hydra-Glide yenye mabomba ya mafuta, na springer ikaanza kuwa kitu cha wazee.

Halafu, 1988, wakairudisha. Injini mpya ya sentimita za ujazo 1,340, na mbele sura ile ile ya babu. Safari hii haikuwa kwa sababu ya barabara mbaya. Watu walitaka kununua zamani. Mimi siwacheki, nami nilitaka kuisomea digrii.

Kitengela nilienda na fundi wangu wa Rongai, mtu wa maneno machache. Mwenye pikipiki alikuwa mzee mkarimu, akatupa chai kwanza. Logibuku ilisema 1996. Saa yake ilisema maili 19,000. Kromu iling'aa hadi nikajiona.

Fundi hakuangalia kromu. Aliniambia tuinue mbele, gurudumu liache ardhi. Akalishika chini kwa mikono miwili, akavuta kwake, akasukuma.

Ko.

Akarudia. Ko.

"Shika wewe," akasema. Nikashika. Lile gurudumu lilisogea kabla miguu haijasogea. Akapitisha kidole kwenye kiungo cha chini, kikatoka na grisi nyeupe, mpya kabisa, imepakwa juu juu. Chini yake palikuwa na kutu nyekundu. Nikainama nyuma ya mguu wa kushoto, mahali ambapo kamera haifiki, nikaona kromu imepasuka mstari mwembamba karibu na mahali palipochomelewa. Inaweza kuwa kromu tu. Inaweza kuwa chuma.

"Hii haijatembea elfu kumi na tisa," fundi akasema polepole.

Mzee alinivuta kando. "Kijana, huyo ndugu yako yuko Marekani, ana pesa. Mwambie iko sawa. Wewe nitakutoa na elfu kumi." Nikapiga hesabu haraka kuliko nilivyowahi kupiga chuoni: thelathini na kumi, arobaini.

Nikamwambia, "Asante kwa chai, mzee."

Binamu nilimpigia nikiwa kwenye mat. Nilimweleza bushi, kutu, ule mstari. Kwamba bushi za Boxer utazipata kwa kila duka la spea Magadi Road, lakini za hii ni za kuagiza nje. Kwamba logibuku inakuambia mwaka, haikuambii nani alipaka grisi na lini. Alinyamaza. Kisha akasema sawa, tutatafuta ingine. Kuhusu pesa yangu hakusema kitu, nami sikuuliza.

Nilishuka Rongai usiku, nikachukua nduthi hadi kwa ploti. Mlangoni nikamuuliza yule jamaa mara ya mwisho kubadilisha mafuta ya shoki za mbele ilikuwa lini. Akanitazama kama askari.

"Jumapili," akasema. "Kwani imefanya nini?"

Nikamlipa hamsini yake. Landilodi alikuwa amekaa kwenye ngazi.