Unatengeneza mfumo wa duka Tabora? Anza na daftari la madeni

Vijana wengi wanaojua kutengeneza tovuti, wakitaka kumsaidia mwenye duka, huanza na picha za bidhaa na kitufe cha "Nunua sasa". Lakini ukikaa nusu siku kwenye duka la mtaani Ng'ambo au Isevya, mjini Tabora, utaona kinachomnyima mwenye duka usingizi ni kitu kingine: nani anadaiwa, shilingi ngapi, na ameshapunguza kiasi gani.

Hayo yote yako kwenye daftari. Likilowa au likipotea, hela imepotea. Likiandikwa vibaya, mteja wa miaka mingi anahamia duka la jirani.

Mkopo ni wa tangu enzi

Karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Vitambaa na shanga vilipanda bara. Pembe za ndovu zilishuka pwani, pamoja na watu waliotiwa utumwani. Sehemu kubwa ya biashara hiyo iliendeshwa kwa mkopo. Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi Tabora, alichukua bidhaa Unguja kwa matajiri kama Taria Topan, akalipa baada ya safari ndefu.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na misafara ikafa. Mali kauli, yaani kuchukua mzigo kwa neno tu na kulipa ukishauza, ipo mpaka leo. Kwa hiyo mfumo usiojua kuandika deni hautamfaa mwenye duka.

1. Soma daftari kabla ya kuandika msimbo

Mwombe mwenye duka akuonyeshe anavyoandika. Utakuta mistari kama "Mama Asha, sukari, 6,000, tumbaku". Hilo neno la mwisho lina maana yake: atalipa hela ya tumbaku ikitoka. Hakuna tarehe hapo. Ukilazimisha tarehe ya kulipa ijazwe, muuzaji ataweka yoyote ili aendelee, na ripoti yako itakuwa ya uongo. Weka nafasi ya kuandika ahadi kwa maneno, na tarehe iwe ya hiari.

2. Vipimo visichanganywe

Tabora ni mkoa wa asali. Muuzaji hununua ndoo ya lita 20, kisha anauza kwa chupa za lita moja na nusu lita. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina karibu kilo 1.4, kwa hiyo ndoo hiyo ina kama kilo 28. Mfumo ukiiandika "kilo 20", kilo nane zimepotea kwenye hesabu kabla chupa ya kwanza haijauzwa.

Kila bidhaa iwe na kipimo kimoja cha msingi, na vingine vihesabiwe kutoka hapo. Karanga nazo zinaingia kwa gunia na kutoka kwa kopo. Gunia moja linatoa makopo mangapi? Muulize mwenye duka, usikisie.

3. Deni lisifutwe, lisahihishwe

Usihifadhi deni kama namba moja inayobadilishwa kila mara. Hifadhi mistari: tarehe 3 amekopa 6,000, tarehe 10 amelipa 2,000. Salio la 4,000 lihesabiwe kutoka kwenye mistari hiyo. Muuzaji akikosea, aongeze mstari wa kusahihisha, na ule wa zamani ubaki. Siku mteja akisema "mbona mimi nilishalipa?", mtafungua simu na kusoma pamoja.

Hifadhi fedha kama shilingi kamili, bila desimali. Utaepuka makosa madogo ya hesabu yanayojikusanya.

4. Mtandao ukikata, kazi iendelee

Bando linaisha, umeme unakatika, mtandao unapotea mteja akiwa amesimama mbele yako. Vivinjari vya sasa vinaruhusu kurasa za mfumo kubaki ndani ya simu kwa kutumia service worker, na data kuandikwa humo humo kwenye IndexedDB. Mtandao ukirudi, data inatumwa kwenye seva. Service worker inahitaji tovuti yenye HTTPS, na cheti chake kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt.

Hapa wengi wanakosea: simu inatuma, jibu halirudi, simu inatuma tena, na deni linaandikwa mara mbili. Dawa yake ni kuupa kila mstari namba yake ya pekee tangu ukiwa kwenye simu. Seva ikiiona namba hiyo mara ya pili, isiongeze kitu.

Pia muonyeshe muuzaji wazi mistari mingapi bado haijatumwa. Simu ikiibiwa au kivinjari kikisafishwa, ambayo haijafika kwenye seva haipo tena.

5. Malipo ya simu: amini salio, usiamini SMS

Wateja wengi hulipa kwa M-Pesa, Airtel Money na mitandao mingine. Kuunganisha mfumo moja kwa moja na malipo hayo kunahitaji makubaliano na kampuni husika na biashara iliyosajiliwa. Kwa kuanzia inatosha muuzaji aandike namba ya muamala, na mfumo ukatae namba iliyokwisha kutumika. Mkumbushe aangalie salio lake mwenyewe, maana SMS za kughushi zipo.

6. Sheria nazo

Majina, namba za simu na madeni ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na wanaokusanya taarifa hizo wanatakiwa kujisajili kwenye Tume inayoisimamia. Chukua taarifa zinazohitajika tu. Duka moja lisione wadaiwa wa duka jingine, na usitengeneze orodha ya kuwaaibisha watu.

Kumbuka pia kuwa risiti ya mfumo wako haichukui nafasi ya risiti ya EFD. Mfanyabiashara anayetakiwa na TRA kutumia mashine hiyo ataendelea nayo.

7. Mwezi wa kwanza, daftari libaki

Anza na maduka mawili au matatu. Kila jioni linganisheni jumla ya mfumo na ya daftari. Zikitofautiana hata kwa shilingi 500, tafuteni sababu siku hiyo hiyo kabla hujaongeza kitu kipya.

Weka pia kitufe cha kupakua madeni yote kama faili linalofunguka kwenye Excel. Ukipata ajira Dodoma kesho ukaacha kulipia seva, mwenye duka asibaki mikono mitupu. Daftari lake la karatasi halikuwa linamtegemea mtu mwingine, na mfumo wako usimweke pabaya kuliko hapo.