Rangi Isiyo na Klia
Mimi hung'arisha magari ya zamani Nairobi. Kabla ya miaka ya 1920 magari mengi yalipakwa rangi kwa brashi, ikachukua wiki kadhaa kukauka. Rangi ya Duco ya DuPont, iliyotumika kwenye magari ya Oakland ya 1924, ilipulizwa na kukauka kwa saa chache, lakini haikuwa na klia, yaani tabaka angavu la juu linalolinda rangi.

Hata Peugeot 404, mshindi wa Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966 hadi 1968, mara nyingi haikuwa na klia. Jua huipausha rangi hiyo, ikaacha unga kidoleni. Ukiisugua kwa kompaundi ya kung'arishia, kitambaa hushika rangi ya gari. Kwenye kingo za boneti naacha mashine, natumia mkono. Ukizidisha, praima ya chini inatokea. Mteja akidai mng'ao zaidi, namwambia: bosi, rangi inapungua.